Hadi lini waitwe wageni?

Jumapili iliyopita, kwenye mkutano wa ushirika mtaani kwetu hapa Nakuru, jina la mama mmoja lilipendekezwa awe mhazini. Mzee akasimama akasema, "Hao walikuja juzi na mahema, tuwajue kwanza." Juzi! Mama huyo alilala Show Ground, kambi ya waliofurushwa na ghasia za baada ya uchaguzi, mwaka 2008, akachanga na wenzake zile shilingi elfu kumi walizopewa na serikali wakanunua kiploti. Watoto wake wamebatizwa hapa hapa mtaani. Aliinamisha kichwa, akawa anakunjakunja pindo la leso yake. Hasira haijanitoka.

Tangu siku hiyo nawawaza Wahuguenoti, Waprotestanti wa Ufaransa wa zamani. Oktoba 1685 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliifuta Amri ya Nantes, iliyowalinda Waprotestanti tangu 1598. Wachungaji walipewa siku 15 waondoke. Waumini wakakatazwa kutoka nchini. Hata hivyo, watu wapatao 200,000 walitoroka. Wengi walikuwa wameshaikana imani, maana askari waliwekwa majumbani mwao kuwatesa hadi wakubali. Sasa fikiria kanisa la Kifaransa la Threadneedle Street, London, likiwapokea watu hao. Swali la kanisa hilo lilikuwa zito kuliko la mzee wetu: aliyekana jana, leo aaminiwe vipi? Wakaweka utaratibu. Mwenye barua ya ushuhuda kutoka kanisa alikotoka aliileta. Aliyekana alisimama mbele ya waumini, akatubu, akarudishwa kwenye meza ya Bwana. Lilikuwa jambo la aibu na machozi, lakini mtu alijua anadaiwa nini, na alijua deni linaishia wapi. Mama wetu hajaambiwa afanye nini ndipo "ajulikane". Atalilipaje deni ambalo hakuna anayelitaja?

Kule Brandenburg, Ujerumani, mtawala wake Friedrich Wilhelm hakusubiri kuwajua. Wiki chache tu baada ya tangazo la Louis alitoa Amri ya Potsdam: msamaha wa kodi, vifaa vya kujengea, ibada kwa lugha yao. Wakaenda kama 20,000.

Ndiyo, London kulikuwa na manung'uniko kwamba wafumaji hariri wa Spitalfields wanaharibu ujira wa wenyeji. Hofu ya riziki naielewa, hata sisi tunayo. Lakini mzee hakuzungumzia riziki.

Waislamu wanakijua kisa cha Abdurrahman bin Auf, aliyehama Makka kwenda Madina mwaka 622. Ndugu yake wa Kiansari, yaani mwenyeji Mwislamu wa Madina, Saad bin Rabii, alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko, akarudi na samli na jibini kavu.

Akina mama wa Show Ground walijitafutia soko wenyewe. Nenda pale soko la Wakulima asubuhi uwaone. Nusu ya ushirika wetu inachukua nyanya kwao kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi, na daftari la madeni wanalishika wao.