Mikakati kibao kwenye kampuni kubwa, inajenga au inachosha watu?

Mi nimekaa miaka kadhaa kwenye tawi la Mbeya la kampuni moja kubwa, jina tuliache. Kila baada ya muda Dar wanashusha mkakati mpya, mara huduma kwa mteja, mara kuhamia kidijitali, mara kubana matumizi, na sijawahi kusikia hata mmoja ukitangazwa kwamba basi, umeisha. Ijumaa tunajaza ripoti za mikakati minne huku foleni ya wateja imetoka hadi nje, na mwezi wa saba baridi ya hapa mnaijua.

Wapo wanaosema dawa ni kuwa na kitengo kimoja cha kusimamia hivi vitu vyote na wana hoja kwa kweli. Chukua LEGO, wale Wadenmaki wa vitofali vya watoto, 2003 walikuwa wanapumulia mashine maana walishajitosa kwenye nguo, magemu, bustani za burudani, yani kila mahali. Bosi mpya, Knudstorp, kupewa usukani 2004 akaanza kufyeka, aina za vipande zikashuka karibu nusu, 2005 wakauza hisa nyingi za Legoland, zile bustani zao, hela na akili vikarudi kwenye tofali na kampuni ikainuka. Ila yule alikuwa na mamlaka ya kuua mradi bana. Kitengo chetu kazi yake ilikuwa kupaka kijani, njano na nyekundu kwenye Excel, kijani mambo yanaenda, nyekundu yamekwama, sasa nani apeleke nyekundu kwa mkurugenzi? Tukawa kijani tupu, mauzo yanashuka.

Upande wa pili ndo unanifanya nisite. M-Pesa kabla Safaricom hawajaizindua 2007 ilijaribiwa kama njia ya kurudisha mikopo midogo kwa simu, wateja wenyewe wakaanza kuitumia kutumiana hela na kulipana, wenye mradi wakafuata huko. Kwetu ingeandikwa "nje ya lengo" na kufungwa. 2008 Vodacom wakaileta Tanzania na leo mkulima wa viazi Umalila, huku Mbeya, analipwa gunia likiwa bado shambani.

Kwa hiyo mi naegemea kwenye kusimamia, ila mkakati mpya ukishuka utajwe na upi umefutwa, na tawi liulizwe wateja wanafanya nini kabla mtu hajapaka rangi. Pale nilishaondoka, wenzangu wananiambia wa tano umefika na ile minne bado inajazwa.