Ki-67 ya asilimia 18: ni haki iamue mgonjwa apewe kemo?

Ripoti kamili ya patholojia ya saratani ya titi mara nyingi hutaja protini nne: vipokezi vya homoni ya estrojeni, vipokezi vya homoni ya projesteroni, HER2 (protini inayochochea seli kukua) na Ki-67. Tatu za kwanza hazina ubishi mkubwa. Ugomvi uko kwenye Ki-67.

Protini hii, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1983 mjini Kiel, Ujerumani, hukaa kwenye kiini cha seli iliyo katika mzunguko wa kugawanyika. Seli ikipumzika, haionekani. Kipande cha uvimbe hutiwa kingamwili, viini vyenye protini vinageuka kahawia, kisha mpatholojia anahesabu ni vingapi kati ya viini vyote vya saratani.

Wanaoitetea wana hoja. Uvimbe wenye asilimia kubwa hurudi zaidi, na kipimo hiki hufanyika kwenye maabara ileile inayopima HER2. Oncotype DX, kipimo cha jeni 21 kinachogharimu maelfu ya dola, nacho kinaihesabu jeni ya Ki-67 miongoni mwa hizo 21.

Lakini mpaka kati ya Ki-67 ndogo na kubwa uwekwe wapi? Wataalamu wa mkutano wa saratani ya titi wa St Gallen, Uswisi, walisema asilimia 14 mwaka 2011. Mwaka 2013 wengi wakahamia 20. Mgonjwa wa 17 akavuka upande bila uvimbe wake kubadilika hata chembe. Halafu kuna hesabu yenyewe: ukihesabu seli 100 ukapata asilimia 20, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 12 na 28. Hesabu 500, inabaki takriban 16 hadi 24. Na hapo bado hujamweka mpatholojia wa pili, atakayechagua sehemu nyingine ya kioo cha hadubini.

Kosa kubwa zaidi huanzia chumba cha upasuaji. Kipande cha uvimbe kikikatwa, kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 (dawa ya kuhifadhi nyama ya mwili) ndani ya saa moja, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikichelewa, protini huharibika na namba hushuka: uvimbe mkali unaonekana mpole. Mahali ambapo ndugu wa mgonjwa ndiye hubeba kichupa kwa basi hadi hospitali ya rufaa, asilimia ndogo isiaminiwe haraka.

Kikundi cha kimataifa cha Ki-67 kilitoa msimamo mwaka 2021 kwa uvimbe wa mapema wenye vipokezi vya estrojeni na usio na HER2: 5 kushuka chini, au 30 kupanda juu, namba inategemeka. Katikati, hapana. Marekani iliruhusu abemaciclib, dawa ya saratani ya titi, mwaka huohuo kwa sharti la Ki-67 ya 20 au zaidi, ikaliondoa mwaka 2023, kwa kuwa dawa iliwafaa hata wenye namba ndogo.

Kwa hiyo 18 peke yake haitoshi kumpa mtu kemo wala kumnyima. Ukubwa wa uvimbe, tezi za kwapani na gredi (jinsi seli zinavyotofautiana na za kawaida) vina uzito zaidi. Na ripoti inayoandika asilimia bila kutaja idadi ya seli zilizohesabiwa na muda kwenye formalini irudishwe maabara ikakamilishwe.