Ukitoa masega, ule uchafu anavuta nani?

Mwaka jana fundi mmoja alinishawishi nitoe masega, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya bomba la gari. Gari ilikuwa nzito, nakanyaga mafuta haiendi, akalala chini akaligonga bomba kwa spana akasikiliza, akasema bosi haya yameziba, tuyatoe gari iwe nyepesi na kuna jamaa atayanunua hapa hapa. Grenda dakika chache tu, gari inaruka, na mimi naondoka na hela mfukoni nacheka peke yangu.

Kesho yake niko foleni ya Buguruni, vioo chini, macho yanawasha, namlaani wa daladala mbele yangu. Kumbe ni mimi.

Tatizo letu tunadhani gari chafu ni ile ya moshi mweusi. Ule ni mafuta yaliyozidi hewa, unauona, unapandisha kioo. Usiouona ndio mbaya. Petroli ikiungua vizuri kabisa inatoa maji na hewa ukaa basi (yale maji yanayodondoka kwenye bomba asubuhi ndio hayo, usikimbilie kubadilisha gasketi). Ila kwenye silinda mambo hayaendi vizuri kabisa. Hewa inayoingia mle asilimia 78 ni naitrojeni, ambayo huku nje imetulia haina ugomvi na mtu, ikikutana na ule moto inashikana na oksijeni zinatoka gesi za kuwasha kifua. Na mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha yanatoa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, inaing'ang'ania damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, ndio maana mtu anajifungia gereji na gari inaunguruma, AC imewashwa, analala haamki.

Masega kazi yake ndio hiyo, vitundu vidogo vimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, gesi zikipita hapo zikiwa za moto zinageuzwa kabla hazijatoka. Hewa ukaa haiondoki, hiyo kila lita ya petroli unatoa kilo mbili na kitu utake usitake. Lakini zile za kudhuru mapafu zinapungua sana. Yule jamaa mnunuzi alijua ananunua madini, mimi nilijua nauza chuma chakavu.

Kinachoniuma zaidi, taa ya cheki injini ilivyogoma kuzima nikaenda kwa fundi mwingine, akatoa plagi, zile za kurusha cheche ya kuwasha mafuta, moja imekufa! Mafuta mabichi ya silinda ile yalikuwa yanaenda kuungulia kwenye masega mpaka yakayeyuka yakaziba. Plagi jamani.

Najua mtaniambia kuna malori yanatoa moshi kama tanuri, kagari kako kanabadilisha nini. Sawa, ila bomba langu liko usawa wa goti la dereva boda, na abiria wake juzi alikuwa mama amempakata mtoto, wakasimama hapo nyuma yangu mpaka taa zikaruhusu.

Masega mapya bei yake nimeulizia nikanyamaza. Fundi kaniambia yapo yaliyotumika, yametolewa kwenye gari ya mtu wiki iliyopita, mazima kabisa hayajaziba. Nikamuuliza sasa huyo mwenye gari aliambiwaje. Akacheka.