Bi mkubwa ndiye mtandao wenyewe

Juzi alasiri barazani, kahawa haijapoa, tunazungumza habari ya kuwaunganisha madaktari wawe wanashauriana, mmoja akatoa fatwa yake: "Madaktari hawa huwakusanyi pahala pamoja mpaka wajue posho ni kiasi gani. Hakuna bahasha, hakuna daktari." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana mapajani nilikuwa na foronya ya bi mkubwa.

Nieleze hiyo foronya. Mama yangu ana sukari na presha, anakaa Pemba, na kila akipanda boti kuja Unguja kutibiwa huja na karatasi zake zote ndani ya foronya ya maua aliyoitia kamba mdomoni. Faili lake lilishapotea mara mbili, kwa hiyo sasa hamuamini mtu. Mna kadi ya sukari, mna karatasi ya kipimo cha moyo iliyofifia hata haisomeki, na mna vyeti vya rufaa vitano. Cheti cha rufaa, kama umepata kukishika, kina nusu mbili. Juu anaandika daktari anayempeleka mgonjwa, chini anajibu anayempokea. Nusu za juu zimejaa. Za chini, zote tano, nyeupe kama sanda.

Safari hii, kwenye spitali moja kubwa ambayo sitaitaja, kijana aliyevaa koti jeupe alimuuliza: "Bibi, kule Pemba walikuwa wanakupa dawa gani?" Cheti kiko mbele yake, kiwiko amekiegemeza juu yake. Mama akamjibu: "Mwanangu, nyeupe ndogo, na ile ya rangi ya waridi." Na nnajua akirudi Pemba ataulizwa: "Enhe, Unguja wamekwambiaje?" Madaktari wawili waliosoma miaka na miaka wanapelekeana habari kwa kinywa cha bibi wa miaka sabini na mbili. Huo ndio mtandao wetu wa afya, na hulipwa nauli na mimi.

Sasa hili la posho. Mtoto wa ami yangu ni daktari Pemba. Spitali gani, sisemi, nisije nikamponza. Yumo kwenye kikundi cha wasapu cha madaktari waliosoma pamoja. Hakuna aliyewaunda, hakuna aliyewazindua kwa bango na sambusa, na bando ananunua mwenyewe. Nilimuuliza kilichomtia humo.

Akanihadithia usiku mmoja, saa nane, aliletewa mzee kwa pikipiki, amelegea, hana nguvu za miguu. Akampima moyo, mistari ikatoka na mawimbi marefu yenye ncha kama miiba. Alihisi anajua ni nini, lakini kuhisi saa nane usiku, umeme unayumba na muuguzi anakutazama usoni, si kujua. Akapiga picha, akatuma. Kimya. Kisha rafiki yake mmoja aliye Dar akaandika: "Potasiamu hiyo, imezidi kwenye damu. Figo zake vipi? Mpe kalsiamu kwanza, upesi." Akampa. Mzee akafika asubuhi, na boti ya kumpeleka Unguja akaipata.

"Jibu nilikuwa nalo nusu," akaniambia. "Nilichokitaka ni mtu mwengine awe macho pamoja na mimi."

Nnaomba wenye fatwa zao barazani waisome tena sentensi hiyo.

Na si Pemba peke yake. Marekani, jimbo la New Mexico, bingwa mmoja wa ini, Sanjeev Arora, alichoka kuona wagonjwa wa homa ya ini aina ya C wakisubiri miezi minane kumuona, wengine wakisafiri mamia ya maili. Mwaka 2003 akaanza kukutana kila wiki, kwa video, na madaktari wa vijijini. Wao wanaleta wagonjwa wao mezani, majina yamefichwa, wanajadili, kisha kila mmoja anarudi kumtibu wake kulekule. Matokeo yalichapishwa 2011: waliotibiwa chuo kikuu walipona asilimia 57.5, waliotibiwa vijijini na magerezani asilimia 58.2. Na wale madaktari hawakuwa wakipewa bahasha. Walipata masomo ya bure, na walipoulizwa faida wakasema, pamoja na mengine, kwamba hawajihisi tena wametengwa. Jangwani huko, na barabara zao za lami! Sasa mfikirie aliyezungukwa na bahari.

Haya, pesa. Nnakubali, kwa shingo upande. Uingereza 2019 serikali iliwataka madaktari wa familia wajiunge kwenye mitandao ya kliniki jirani, kila mtandao uhudumie watu 30,000 hadi 50,000. Fungu la fedha likafungwa kwenye mkataba, na karibu kliniki zote zikaingia. Pesa inafungua mlango, sikatai, na daktari naye ana watoto wa skuli. Lakini kuingia ni jambo moja. Warsha zetu nazo zinajaa, na baada ya picha ya pamoja kila mtu anarudi kwake na begi lenye nembo.

Siri za wagonjwa kuzagaa kwenye simu ni hatari ya kweli, na wapewe chombo salama. Hata mjitoleaji wa Jamii ni Afya, mpango wa afya ya jamii wa Zanzibar, anayempitia mama nyumbani ana simu yenye programu ya kazi. Daktari ana ya kwake, kioo kimepasuka.

Kinachonikera zaidi ya posho ni kebehi. Wapo mabingwa ambao wakijibu ni afadhali wangenyamaza: "Nani kamleta huyu?", "Hili nalo la rufaa?" Daktari wa shamba akishatahayarishwa mara moja mbele ya wenziwe, hata umpe posho ya mwezi mzima hatouliza tena. Na wa kulipia hilo swali asilouliza ni mama yako.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumuona mtoto wa ami yangu kazini, nilikuta chini ya kioo cha meza yake, baina ya kalenda na picha ya wanawe, nusu ya cheti cha rufaa. Nusu ya chini. Ina mistari mitatu ya mwandiko mbaya: alichokutwa nacho mgonjwa, dawa alizobadilishiwa, na "Umefanya vizuri kumleta mapema. Nipigie ukikwama," na namba ya simu. Kimekaa hapo tangu mwaka juzi, pembeni kimeingia chai.

Nikamuuliza mgonjwa mwenyewe yuko wapi.

"Yupo Konde," akasema, "anauza ndizi."