Mangi alitaka nimalize deni, benki haitaki: kadi ya krediti, ya debiti na hela mkononi

Binamu yangu kaingia hapa Columbus, Ohio mwezi wa tatu, na tangu kaingia kila wiki swali ni lile lile: kaka, nichukue kadi ya krediti, ile ya kutumia hela ya benki kwa mkopo, au nibaki na hii ya debiti niliyopewa benki, inayokata hela yangu mwenyewe kwenye akaunti? Kila nikianza kumjibu kwenye simu jibu linakuwa refu, leo namwambia chukua kesho namwambia achana nayo kabisa, sasa nimeona bora nikae niandike yote kwa mpigo, na wengine mnaokuja huku mtalikuta hapa.

Nianze na Mangi. Mie nimekulia Tandika, Dar es Salaam, na deni la kwanza kulijua maishani ni la dukani kwa Mangi. Ukutani kaandika kwa maka nyekundu LEO FEDHA KESHO MKOPO, halafu chini hapo kuna kaunta buku limechakaa, kalamu imefungwa uzi isiibiwe, na kila nyumba ya mtaa ina ukurasa wake. Mama ananituma unga kilo mbili na mafuta ya kupima, Mangi anaandika, anakutazama usoni, anakwambia kamwambie mama imefika elfu kumi na mbili. Mwezi ukiisha hujalipa hakutozi riba hata senti, ila ukija tena sukari hupati, na mbele ya watu atakukumbusha. Ilikuwa aibu lakini ilikuwa na faida yake, maana Mangi mtaji wake mdogo, anataka umalize deni akanunue mzigo mwingine Kariakoo.

Benki za hapa na kadi zao za krediti ni kinyume kabisa cha Mangi. Hazitaki umalize. Ukilipa yote kila mwezi wanaambulia kile wanachomkata mwenye duka basi, ila ukilipa kidogo kidogo ndo sherehe yao, na hakuna mtu wa kukutazama usoni, unapata meseji tamu tu "asante kwa malipo yako".

Nimelijua hilo kwa kuumia. Kadi yangu ya kwanza limiti, yani mwisho wa kukopa, ilikuwa dola 500, nilipewa baridi ndo inaanza, nikanunua majaketi, mabuti, mablanketi mazito na vyombo vya jikoni, ikaisha yote wiki moja. Bili ikaja, imeandikwa malipo ya chini, yani kiasi kidogo kabisa wanachokubali ulipe mwezi huo, dola 25. Mie kichwani nikajua ni kama kununua kitu kwa awamu, dola 25 mara miezi 20 nimemaliza, tena nikaona wazungu wana huruma. Miezi sita nikalipa bila kukosa hata mmoja na kadi sikuigusa tena. Nikafungua kuangalia deni: dola 408. Yani nimetoa dola 150 na deni limeshuka dola 92 tu, zile 58 zimeliwa na riba, kwa sababu ilikuwa karibu asilimia 25 kwa mwaka na wala siyo kadi ya ajabu, miaka hii wastani wa kadi za hapa umevuka asilimia 20. Cha kuudhi zaidi, kwenye karatasi ya bili kuna kijedwali kabisa kinachokwambia ukilipa malipo ya chini tu utamaliza lini na utakuwa umelipa jumla shilingi ngapi, ni sheria ya mwaka 2009 ndo imewalazimisha kukiweka. Kipo pale kila mwezi. Sikuwahi kukisoma.

Na kuna kitu kingine watu hawaambiwi. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe hulipi riba hata kidogo, una siku zisizopungua 21 toka bili itoke. Lakini ukibakiza salio likaingia mwezi unaofuata, ule msamaha unaondoka, hata mkate ulionunua leo unaanza kuhesabiwa riba leo leo. Kwa hiyo huwezi kusema mie nabakiza kidogo tu, hicho kidogo kinaambukiza vyote.

Sasa utaniuliza kama ni mtego hivyo kwa nini bado ninayo mfukoni. Sababu ya kwanza ni skoa. Hapa Marekani una namba ya kupima unavyolipa madeni, inakufuata kama kivuli, inaanzia 300 mpaka 850, mwenye nyumba anaiangalia, muuza gari anaiangalia. Asilimia 35 ya namba hiyo ni je umelipa madeni yako kwa wakati, asilimia 30 ni unadaiwa kiasi gani ukilinganisha na limiti yako. Kadi ya debiti hata uitumie miaka 10 kwa uaminifu wa malaika haikuongezei kitu, maana hukukopa. Ni upuuzi ukiufikiria, mtu asiye na deni anaonekana haaminiki, lakini ndo mchezo wenyewe. Kwa mgeni asiye na historia kuna kadi za kuweka dhamana, unaweka mfano dola 200 zako mwenyewe benki na limiti yako inakuwa hiyo hiyo 200. Na hata kama unalipa yote, usiifikishe kadi ukingoni, maana siku bili inapotoka ndo benki inapeleka taarifa, wakikuta umetumia 190 kati ya 200 skoa inashuka hata kama kesho yake umelipa.

Sababu ya pili ni wizi, na hapa ndo kadi ya debiti iliponitoa machozi. Nilijaza mafuta kituo fulani cha pembezoni, nadhani mashine yao ilikuwa imewekwa kile kifaa cha kunakili kadi, siku mbili baadaye naamka akaunti imekombwa dola 480, imetolewa kwenye ATM mji ambao sijawahi hata kupita. Kodi ya nyumba ilikuwa imebaki siku tatu. Benki wakasema tunachunguza, na hela walirudisha kweli lakini baada ya siku nane, katikati hapo nimekopa kwa jirani na mwenye nyumba kanipiga faini ya kuchelewa. Mwaka uliofuata ikaibiwa namba ya kadi ya krediti, mtu kanunulia viatu. Nikapiga simu dakika kumi na mbili, wakafuta, wakatuma kadi mpya, hata usingizi sikukosa. Na tofauti yenyewe ndo hiyo, kwenye debiti mwizi kaiba hela yako na wewe ndo unasubiri kurudishiwa, kwenye krediti kaiba hela ya benki na benki ndo inahangaika. Sheria nazo zimeachana: kadi ya krediti ikiibiwa hasara yako kisheria haizidi dola 50, ya debiti ni 50 ukitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi, ukichelewa inaweza kufika 500, na ukikaa zaidi ya siku 60 toka benki ikutumie taarifa ya akaunti bila kusema kitu unaweza kupoteza na zaidi. Hotelini na kwenye magari ya kukodi ni hivyo hivyo, wanashikilia hela ya dhamana, kwenye debiti wanashikilia ugali wako.

Pointi sasa, yani kile unachorudishiwa kwa kutumia kadi. Kila mtu atakwambia chukua kadi fulani inarudisha asilimia mbili. Mie napokea, sikatai, ila nimeacha kuita ni hela ya bure. Mwenye duka anakatwa kama asilimia mbili mpaka tatu kila ukipitisha kadi ya krediti, naye si mjinga, anaiweka kwenye bei ya mchele. Sasa mama wa Kikongo tunayesali naye, anayelipa kwa noti, analipa bei ile ile niliyolipa mie halafu mie narudishiwa dola mbili kwenye mia. Vituo vingine vya mafuta angalau vinasema ukweli, vinaweka bei mbili ubaoni, ya noti iko chini. Na waliobaki wanaonilipia pointi ni wale wanaolipa malipo ya chini kama nilivyokuwa mie ule mwaka wa majaketi. Sina raha nalo sana lakini sijaacha kuzitumia, nisijifanye mtakatifu.

Kuna rafiki yangu wa Mombasa tunafanya naye kazi ghala moja zamu ya usiku, yeye kakataa kadi ya krediti kwa sababu ya dini. Nikamwambia lakini ukilipa yote kabla ya tarehe hakuna riba. Akanijibu tatizo si kulipa, tatizo ni kutia saini mkataba unaosema nikichelewa nitalipa riba. Nilidhani ni ukali wake tu, kumbe Baraza la Kimataifa la Fiqhi, la wanazuoni wa sheria za Kiislamu, lilipokaa Riyadh mwaka 2000 lilisema hivyo hivyo, hata kama nia yako ni kulipa ndani ya muda. Wapo mashekhe wanaoruhusu kwa mtu aliyelazimika na mwenye uhakika wa kulipa, wanabishana wenyewe. Mwenzangu gharama yake kailipa, nyumba aliyopanga kaweka dhamana ya miezi miwili kwa kukosa historia, gari kanunua taslimu bovu bovu. Ila hadaiwi na mtu. Siku za mwisho wa mwezi tukikaa kantini mie ndo nafungua simu kuangalia tarehe za bili, yeye anakula.

Hela ya mkononi ina ubora mmoja ambao kadi zote mbili hazina, inaisha. Unaiona inaisha. Noti tano za ishirini kwenye bahasha ya chakula, Jumatano zimebaki mbili, unajua Alhamisi ni maharage. Wanasema kutoa noti kunauma na mie naamini kabisa, mkono wangu unasita kwenye noti ila kadi unagusa tu mashine inalia tii umemaliza.

Na hapa ndo kwenye jambo linalonifanya nimwambie binamu aache kwanza. Sisi tuna simu za usiku. Huku saa tano za usiku, nyumbani alfajiri, mtu anapiga: shangazi kalazwa, au kuna msiba, au mtoto karudishwa ada. Zamani nilikuwa nikisema sina, ni sina kweli, akaunti ina dola 40, hata aliyepiga anasikia kwenye sauti. Ukishakuwa na kadi ya limiti dola 3,000 neno "sina" linakuwa gumu kutoka, maana unayo, si yako lakini unayo, na moyo unakusuta. Nimewahi kutuma dola 300 za msiba kwa kadi ya krediti kwenye programu ya kutuma pesa. Benki yangu, kama zinavyofanya benki nyingi, ikahesabu nimechukua hela taslimu kwa mkopo: ada asilimia tano, dola 15 papo hapo, na riba toka siku ile ile, zile siku 21 hazihusiki. Kutuma kwa debiti ingekuwa nafuu mara kumi, ila kwenye debiti hela haikuwepo, na kama haikuwepo basi nilitakiwa nitume 40. Kukopa harusi kulipa matanga, mie nimekopa matanga na kulipa ni matanga mengine.

Msidhani nyumbani tumepona. Kenya wana Fuliza toka Januari 2019, Tanzania kuna Songesha, hela ikipungua kwenye M-Pesa unaongezewa muamala unapita. Ni kadi ya krediti isiyo na plastiki, na ada inahesabiwa kwa siku ndo maana mtu haioni kubwa. Ila angalau yenyewe hela yoyote ikiingia wanakata deni hapo hapo, kwa ukali kama Mangi, na kwa kweli nikilinganisha na lile deni langu la majaketi lililokaa linanenepa kimya kimya sijui kipi bora. Kuna anayesema kukatwa kabla hujaiona hela ni ukatili, hasa ikiwa ilikuwa ya nauli.

Basi nilivyojipanga mie ni hivi: kadi ya krediti ni ya mafuta na bili ya simu tu, vitu ambavyo ningelipa hata kama kadi haipo. Chakula na matumizi ya watoto ni noti. Debiti naitumia ATM ya ndani ya benki basi, dukani haitoki. Kutuma nyumbani ni kutoka kwenye akaunti, ikiwa tupu nasema ni tupu.

Binamu nimemwambia asubiri mpaka awe na mishahara ya miezi sita inayofanana, maana sasa hivi anapewa masaa 40 wiki hii na 18 wiki ijayo. Hakusubiri. Juzi kanipigia kwa video, kapata ya dhamana ya dola 200, anataka nimwelekeze kuweka malipo ya kujikata yenyewe. Akageuza simu niione kioo cha kompyuta: viduara vitatu, cha juu malipo ya chini, cha kati bili yote, cha mwisho andika kiasi. Cha juu kilikuwa kimeshajazwa rangi ya bluu kabla hajagusa kitu. Nikamwambia shuka kimoja. Akauliza kwani hiki kina shida gani, mbona ni dola 25 tu?