Anayeanguka Jamhuri haanguki peke yake

Kila msimu wa motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye matuta ya kuruka, ukianza hapa Nairobi, mabishano huwa ni yale yale. Wengine husema huu ni mchezo wa kujitafutia ulemavu kwa pesa zako mwenyewe. Waendeshaji nao hujibu kwamba ajali iko kila mahali, hata kwenye bodaboda ya kukutoa Kawangware hadi Junction, na kwamba mtu mzima ana haki ya kuchagua atakachofanya na mwili wake. Nawaelewa wote, ila naona swali la nani anabeba mzigo ajali ikitokea huachwa kando mapema mno.

Nianze na mapenzi yenyewe, maana wapinzani huyapita haraka. Simama karibu na lango la kuanzia mbio kwenye njia ya motokrosi ya Jamhuri, kando ya Barabara ya Ngong. Kwa kanuni za kimataifa, kibao cha sekunde 15 huinuliwa kwanza, kisha cha sekunde 5, na baada ya hapo lango linaweza kuanguka wakati wowote kati ya sekunde 5 na 10. Hakuna anayejua ni lini hasa. Mwendeshaji ameinama hadi kidevu kinakaribia usukani, vidole viko kwenye klachi, na macho hayabanduki kwenye lango. Likianguka, wote wanakimbilia kona moja isiyowatosha. Ni kazi chache sana katika jiji hili zinazomdai mtu akili na mwili wake wote kwa mpigo namna hiyo. Tena ni mchezo wa nguvu kwelikweli: kwenye mashindano ya dunia, mbio moja ni dakika 30 na mizunguko 2 juu yake, mtu akiwa amesimama kwa muda mrefu juu ya pikipiki ya zaidi ya kilo 100. Anayesema ni kukalia injini tu hajawahi kujaribu.

Sasa hatari. Mtulinga na kifundo cha mkono ndivyo huvunjika mara nyingi, kisha goti. Hivyo hupona. Kinachotisha ni uchovu: misuli ya mkono hukakamaa, vidole vinakosa nguvu ya kushika breki, na mruko unaofuata hausubiri. Ukianguka ng'ambo ya tuta, anayekufuata hakuoni. Macho yake ni yule mwenye bendera ya manjano. Ikipepea, ni marufuku kuruka wala kumpita mwenzako. Mwenye bendera akisinzia au akigeuka kuongea na simu, helmeti ya bei yoyote ile haitakusaidia mwenzako akitua mgongoni mwako.

Mwaka 1987 David Bailey, bingwa wa motokrosi wa Marekani, alianguka mazoezini akapooza. Mwendeshaji mwenzake Doug Henry alivunjika mgongo mwaka 1995, akarudi na kutwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1998. Mwingine, Ken Roczen, aliumia vibaya mkono wa kushoto mwaka 2017, akapasuliwa mara nyingi, na hakushinda tena mbio za supakrosi, yaani motokrosi ya ndani ya uwanja, hadi Januari 2020. Wapenzi wa mchezo hupenda kunitajia Henry na Roczen. Mimi huwakumbusha Bailey, kwa sababu ujasiri wake haukuwa pungufu hata chembe.

Hoja ya bodaboda ina uzito kiasi. Katika njia ya motokrosi hakuna matatu, hakuna nguzo ya umeme, wote wanaelekea upande mmoja, na kila mtu amevaa helmeti, buti ndefu na kinga ya kifua. Barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka nchini, na waendeshaji pikipiki na abiria wao ni sehemu kubwa ya hao. Lakini mwenye bodaboda anatafuta unga. Ajali yake haihalalishi ya mwingine.

Na hapa ndipo "mwili ni wangu" inaponishinda. Nairobi tunajua bili ya hospitali inavyolipwa. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, namba ya paybill inatumwa, shangazi wa Murang'a anaombwa alichonacho. Bima nyingi za ajali huyaondoa mashindano ya pikipiki kwenye malipo yake, na wengi hugundua hilo wakiwa tayari wodini. Hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Hurlingham, mwendo mfupi tu kutoka Jamhuri. Aliyepooza huhitaji mtu wa kumgeuza kitandani usiku na mchana asipate vidonda, na mara nyingi mtu huyo ni mama au mke aliyeacha kazi yake. Kwa hiyo mtu mzima na aende akashindane, lakini kwanza aketi na hao watakaomgeuza, na karatasi ya bima iwe mezani.

Kwa watoto, msimamo wangu ni mkali zaidi. Wapo wanaoanza na pikipiki ndogo za injini ya 50cc kabla hawajajua kusoma vizuri. Mfupa wa mtoto bado unakua kwenye ncha zake. Ukivunjika hapo, kiungo kinaweza kubaki kifupi au kupinda. Ubongo ndio wa kuogopwa kuliko vyote. Mtoto aliyegonga kichwa akaanza kuona kizunguzungu au kusahau raundi iliyopita harudi mbioni siku hiyo, hata kama anaongoza, hata kama baba amelipia msimu mzima. Baba hawezi kuamua hilo akiwa na kipima saa mkononi, na kocha pia hawezi. Anahitajika daktari au muuguzi asiyemjua mtoto yule, mwenye mamlaka ya kuizima pikipiki na kuuchukua ufunguo wa trela. Mzazi anayepeleka mtoto Jamhuri aulize mtu huyo ni nani kabla ya kulipa kiingilio, na akikosa jibu ageuze gari.