Kamba imelegea! Siku niliyohama Sinza na long rani juu

Wakuu mimi ni mkimbiaji wa kawaida tu, wale wa nyuma nyuma ambao mpiga picha wa mbio akiwaona anaanza kufunga kamera. Ila mwaka ule nilikuwa nimejisajili Kili Marathon, ile nusu ya kilomita 21, na kama hujawahi kuikimbia ngoja nikwambie, pale Moshi mkishatoka uwanja wa Ushirika kuna mlima wa kuelekea Mweka ambao hauna huruma na mtu aliyelelewa Dar. Kwa hiyo nilikuwa siriasi. Ratiba nimeibandika kwenye friji, Jumatano mwendo wa haraka, Jumamosi long rani, yaani mbio ndefu ya wiki, pombe nimeacha (nimepunguza).

Sasa katikati ya hiyo ratiba baba mwenye nyumba akatuita wapangaji wote kibarazani, akakohoa, akasema anavunja nyumba anajenga lodge. Sinza bwana! Utadhani lodge zilizopo hazitoshi. Tukapewa mwezi mmoja.

Yani kutafuta nyumba Dar ni mazoezi tosha, ungepewa medali. Dalali wa kwanza kachukua hela ya kutuonyesha, katuonyesha chumba kina dirisha moja linaloangalia choo. Wa pili yeye kila nyumba ni "dakika tano tu kutoka rodini bosi wangu". Mimi nikasema ngoja, nikawasha saa yangu nikaikimbia ile njia, kwa kasi ya mtu anayejiandaa na Kili, ikaniletea dakika kumi na moja na mbwa juu. Dalali kafika baadaye na bodaboda anasema "si umeona, karibu tu".

Mwisho wa siku tukapata Temboni, kule mbele ya Kimara, nyumba mbili tatu ndani ya geti moja na mwenye nyumba mwenyewe anaishi humo humo. Mama mtu mzima, mpole, ila anauliza maswali kama yuko uhamiaji. Mko wangapi? Nikamwambia mimi, mke wangu na mtoto mmoja. Wageni? Hatuna mama. Ndugu wa kijijini? Hawapendi mjini mama. Akaniambia vizuri, maana mimi sipendi makelele, na bili ya maji hapa tunachanga kwa vichwa, kwa hiyo nataka kujua vichwa. Nikamwapia vitatu. Tukalipa kodi ya miezi sita, dalali naye akavuta ya mwezi mmoja, nikabaki na hela ya kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, na ya mihogo.

Tarehe ya kuhama ikaangukia Jumamosi. Jumamosi ni long rani. Waifu akaniangalia jinsi ninavyoangalia friji akajua. "Usiniambie." Nikamwambia mke wangu sikia, kutoka hapa mpaka Temboni ni kilomita kumi na kitu, mnatangulia na kirikuu au natangulia mimi, tunakutana huko, mazoezi yamefanyika na nauli tumeokoa. Akasema hivi wewe unakimbia nini wakati nyumba yenyewe inatukimbia? Sikuwa na jibu, nikaenda kutafuta raba.

Raba zilishapakiwa. Saa kumi alfajiri nafungua mabegi ya shangazi kaja moja baada ya jingine na tochi ya simu mdomoni, nikazikuta chini kabisa ya sufuria, na ndani yake waifu amechomeka glasi za wageni, moja kushoto moja kulia, na zile soksi zangu nzuri za kukimbilia kazivalisha glasi zisigongane. Akasema toka kitandani (kitanda chenyewe kilishafunguliwa, alikuwa amelala kwenye godoro chini) ikivunjika hata moja wageni utawapa maji kwenye hiyo raba. Fulana nayo nikavaa niliyoipata juu juu, ya njano, ya mbio fulani za zamani. Kumbukeni hiyo fulana.

Basi nikatoka. Shekilango, Ubungo, nikapita chini ya zile flyover za Kijazi, nikaanza kuupandisha ule mlima wa Kimara taratibu, Kibo, Baruti, Bucha, najisikia raha kabisa, nasema moyoni kuhama kumbe ni kitu cha kawaida tu watu wanakuza mambo.

Nafika maeneo ya Korogwe nikasikia singeli nyuma yangu. Singeli nzito. Kugeuka, ni kirikuu letu. Dereva kafungulia redio mpaka mwisho, limebeba mpaka linalia, limepinda upande kidogo, waifu na mtoto mbele, nyuma kuna friji, kabati, sabufa langu kubwa liko juu kabisa limeangalia nyuma, na juu ya kochi yule dogo wa kubeba mizigo amelala fofofo. Na klachi ilikuwa na shida zake kwa hiyo mlima ule linapanda kwa gia ya kwanza, likanipita hivi kwa tabu, kama linaomba radhi. Waifu akanipungia mkono. Nikapunga. Ndipo nikaona kamba.

Kamba iliyofunga godoro imelegea. Godoro linateleza. Na godoro hilo ndo limeshikilia lile kabati la vioo ambalo mama mkwe alitupa siku ya harusi, mnajua wenyewe vitu vya mama mkwe, hilo likivunjika bora nivunjike mimi. Nikaongeza mwendo nikawa nyuma ya gari, mkono mmoja nasukuma godoro, napiga kelele "Kambaaa! Kamba imelegeaaa!" Dereva na singeli yake hasikii kitu. Dogo juu anakoroma. Waifu ananiona kwenye kioo cha pembeni, yeye kaona mume wake ana nguvu leo, akanyoosha dole gumba.

Hapo Kimara Mwisho, kutoka barabara ya pembeni, ikatokea jogingi klabu. Nyie mnaoishi Dar mnazijua hizi klabu za wikiendi, watu kama arobaini, mama wenye afya zao, wazee, vijana, filimbi, na mara nyingi mbele kunakuwa na gari lina spika linapiga muziki wao wanafuata nyuma. Sasa hawa gari lao naona siku hiyo halikuja. Na wote wamevaa fulana za njano.

Jiwekeni kwenye nafasi yao. Unatoka barabarani unaona kirikuu linaenda mwendo wa jogingi, muziki unapiga, spika kubwa hiyo juu, na nyuma yake jamaa mwenye fulana ya njano anakimbia anaongoza. Utafanyaje? Wakaingia. Mwenye filimbi akapuliza priii, wakajipanga mistari minne nyuma yangu, safi kabisa.

Mimi bado niko kwenye kabati la mama mkwe. "Kamba imelegea!"

Nyuma yangu watu arobaini: "IMELEGEAAA!"

Nikashtuka nusu nianguke. Nikageuka kuwaelezea, pumzi zenyewe sina, natoa neno moja moja, "Jamani! Godoro!" "GODOROOO!" "Linaanguka!" "LINAANGUKAAA!" na wakaanza kupiga makofi kwa mpangilio. Yani ilikuwa imekaa kama mchakamchaka kabisa, na ukiisikia kwa mbali ni nzuri, sikatai. Abiria waliokuwa wanasubiri mwendokasi pale kituoni wakaanza kurekodi. Kuna mmama mmoja akanisogelea pembeni huku anakimbia bila hata kuhema akaniambia mwalimu leo umetuletea wimbo mpya.

Tukaenda hivyo Stop Over, Suka, kila nikijaribu kusema jambo linageuka kiitikio. Nilichofanikiwa ni kumwonyesha kijana mmoja mrefu kwa ishara ashike upande wa pili wa godoro, akashika, wenzake wakaona ni sehemu ya zoezi wakawa wanapokezana. Kabati likapona. Mlima wenyewe sikuuhisi, nasema ukweli, siku ile nilikimbia kasi ambayo sijawahi kuirudia hata Moshi.

Temboni kirikuu likakata kona kuingia vumbi. Nikasema hapa watanyooka na barabara kubwa. Thubutu. Filimbi priii, wote kulia.

Mama mwenye nyumba alikuwa getini kajifunga kanga anafagia. Akaona kirikuu, akatabasamu. Akaona waifu na mtoto, akatabasamu. Kisha vumbi likatulia akaniona mimi, na nyuma yangu akawaona hao wengine wanaingia getini mmoja mmoja wanaimba godoro linaanguka. Ufagio ukamtoka mkononi.

Nikasema haraka, ukiwahi salamu unakuwa umepunguza makali, "Shikamoo mama."

"SHIKAMOO MAMAAA!"

"Mara... marahaba," akajibu, mkono kifuani. Halafu akanivuta pembeni, sauti ya chini kabisa. "Baba, uliniambia watatu."

Kabla sijajibu, watu wameshashusha. Jamani umoja una nguvu ya kutisha, friji lilipita juu ya vichwa, kitanda, kochi na dogo wake ambaye ndo akazinduka anauliza tumefika? Dereva alizima singeli akakuta gari jeupe, wameshusha mpaka tairi lake la spea na jeki vimepangwa vizuri chumbani kwetu pembeni ya kitanda cha mtoto. Na shukrani yao wakajichukulia wenyewe, bomba liko pale uani, kila mtu akanawa uso, akanywa, akajaza chupa, wengine wakaosha na raba. Mama mwenye nyumba kasimama mlangoni kwake, nikaona midomo inacheza. Nikadhani anasali.

Waifu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha ghafla akaniuliza glasi moja iko wapi.

Mbio za Moshi nilimaliza, muda usiniulize. Ila mwisho wa mwezi ule wa kwanza ikaja karatasi ya mchango wa maji, mama anaiandika kwa mkono anaipitisha mlango kwa mlango. Mpangaji wa mbele, watu wanne. Mpangaji wa kati, watu wawili. Sisi, kwa mwandiko wake mzuri wa zamani: watu watatu na jogingi.